Barua pepe na barua taka kwenye simu, kompyuta na kishikwambi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kaunta za Mwanza

Maswali haya yamekusanywa kwenye kaunta ya stesheneri jijini Mwanza, kutoka kwa watu wanaokuja kutuma maombi ya kazi, kuprinti barua ya kuitwa kwenye usaili, kusajili jina la biashara BRELA, au kutafuta email waliyotengenezewa miaka ya nyuma na hawakumbuki na nani. Mengi yanahusu Gmail, kwa kuwa karibu kila mwenye simu ya Android anayo hata kama hajui. Yahoo, Outlook na email za ofisini zimetajwa pale zinapotofautiana. Soma swali linalokuhusu. Jibu likihitaji msaada wa jingine, namba yake imewekwa.

## Mambo ya msingi

1. Email yangu iko wapi hasa: kwenye simu, kwenye laini au wapi?

Haipo kwenye simu wala kwenye laini. Barua zako zinakaa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa, za kampuni inayokupa huduma: Google ukiwa na Gmail, Microsoft ukiwa na Outlook. Simu ni dirisha la kuzichungulia, kompyuta ya ofisini ni dirisha jingine, kishikwambi cha mtoto ni la tatu. Dirisha likivunjika, vilivyomo ndani havijaguswa.

Kinachokuingiza ni anwani kamili na nenosiri. Ukilisahau nenosiri, kinachokuokoa ni namba ya simu au email ya pili uliyoiweka kwa ajili ya kurejesha akaunti. Kwa hiyo aliyeporwa simu stendi ya Nyegezi lakini anakumbuka nenosiri lake ana hali nzuri kuliko mwenye simu mpya kabisa aliyesahau nenosiri, na laini yake ya zamani imeshafungwa.

2. Nilitengenezewa email stesheneri. Ni yangu kweli?

Jina ni lako. Mamlaka huenda yamebaki kwa aliyeitengeneza. Foleni ikiwa ndefu, kijana wa kaunta huchagua nenosiri mwenyewe, huweka namba yake ya simu ili ile meseji ya uthibitisho imfikie yeye, na akaunti hubaki wazi kwenye kompyuta yake. Wengi hawana nia mbaya, wanataka tu mteja anayefuata asogee.

Halafu kuna lile daftari. Kaunta nyingi wanalo: limechanika jalada, kurasa zimejaa majina, anwani na manenosiri, na manenosiri yenyewe ni jina la kwanza likifuatiwa na 123 au mwaka wa kuzaliwa. Linakaa pembeni ya mashine ya kopi, na yeyote anayesubiri kitambulisho chake kitolewe kopi anaweza kulisoma. Wenye stesheneri tuliache hilo daftari. Mteja aandike nenosiri lake mwenyewe kwenye kibodi, na sisi tutazame pembeni.

Kama email yako ilitengenezwa hivyo, fanya mambo matatu leo. Fungua mipangilio ya simu, gusa Google, ingia kwenye usimamizi wa akaunti, halafu sehemu ya Usalama. Kwanza badilisha nenosiri. Pili angalia namba ya kurejesha akaunti. Ikiwa si yako, itoe na uweke yako. Tatu fungua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti na utoe usivyovitambua. Mpangilio huu wa hatua una sababu: ukitoa kifaa bila kubadilisha nenosiri, mwenye nacho anaingia tena baada ya dakika moja.

3. Nenosiri zuri likoje?

Refu, na halitumiki kwingine. Maneno manne yasiyohusiana, ya Kiswahili au Kisukuma, yanakumbukika kuliko mchanganyiko wa alama utakaouandika nyuma ya kitabu. Sharti la pili ndilo watu wanalolipuuza. Mwaka 2013 Yahoo ilidukuliwa, na baadaye kampuni ikakiri kwamba akaunti zote, bilioni 3, ziliguswa. Aliyetumia nenosiri lilelile Yahoo na kwingineko alikuwa ameshaacha mlango wazi kotekote.

Ongeza uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya nenosiri unaulizwa pia namba ya uthibitisho. Ukiuwasha, Google hukupa namba 10 za akiba, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi, uiweke panapokaa vyeti vyako. Utazihitaji kwenye swali la 10.

4. Nina Gmail, Yahoo ya zamani na email ya kazini. Nibaki na zote?

Email ya kazini ni ya mwajiri. Ukiondoka inafungwa, kwa hiyo usiitumie kwa mambo yako binafsi. Kwa mengine, anwani mbili zinatosha: moja ya mambo mazito (ajira, chuo, benki, TRA, NIDA) na nyingine ya kujisajili ovyo: ofa, Wi-Fi za hoteli, programu za mikopo, kubashiri mechi. Hakuna mbinu ya kupunguza barua taka inayoshinda hii.

Usiyoitumia, ingia mara mojamoja. Yahoo hufuta barua za akaunti isiyofunguliwa kwa miezi 12. Google inaweza kuifuta akaunti yote ikikaa miaka 2 bila kuguswa, pamoja na picha zilizomo.

## Simu moja, kompyuta moja, barua zilezile

5. Nikifuta barua kwenye simu, kwenye kompyuta nayo inafutika?

Ndiyo, kwa Gmail, Yahoo na Outlook. Inakwenda kwenye Tupio, na kwenye Gmail inakaa humo siku 30 kabla ya kupotea moja kwa moja. Lakini kuondoa akaunti kwenye simu si kufuta akaunti: barua zinabaki kwenye seva, simu ndiyo inaacha kuzionyesha. Wanaouza simu wanachanganya mambo haya mawili, wanaogopa kuondoa akaunti, matokeo yake ni swali la 11.

6. Email ya ofisi inaonekana kwenye kompyuta tu. Kwenye simu naona barua chache, au sioni kabisa.

Hapa tatizo ni jinsi kompyuta ya ofisi ilivyounganishwa. Kuna njia mbili za kuchukua barua kwenye seva. Ya zamani, POP, ilianza mwaka 1984, enzi ambazo mtu alikuwa na mashine moja: inazishusha barua kwenye kompyuta na, kwa kawaida, inazifuta kwenye seva. Simu inapokuja kutafuta, inakuta patupu. Ya pili, IMAP, inaziacha barua kwenye seva, na kila kifaa kinaona kilekile, pamoja na zilizosomwa na zilizotumwa.

Ofisi nyingi zenye anwani za .co.tz ziliwekewa POP kwa sababu nafasi waliyonunua kwenye seva ilikuwa ndogo. Dawa ni kuunganisha upya kwa IMAP, bandari (port) namba 993, na kununua nafasi zaidi. Kabla fundi hajaigusa ile akaunti ya POP, hakikisha amenakili barua zilizomo kwenye kompyuta, kwa sababu hazipo mahali pengine popote. Kompyuta hiyo ikiungua na umeme leo, historia yote ya ofisi imekwenda.

7. Kwa nini barua zinaingia kwenye simu saa nzima baada ya kutumwa?

Mara nyingi ni simu inayobana matumizi. Angalia kiokoa betri, kiokoa bando, na ruhusa ya programu ya email kufanya kazi simu ikiwa mfukoni. Kwa programu ya email peke yake, toa vizuizi hivyo. Hakikisha pia usawazishaji wa akaunti umewashwa. Wengine walishauzima wenyewe kuokoa MB wakasahau.

Kwenye iPhone, Gmail iliyowekwa kwenye programu ya barua ya Apple huchukuliwa kwa vipindi, haisukumwi papo hapo. Ukitaka arifa za hapohapo, pakua programu ya Gmail yenyewe.

8. Nilisahau kutoka kwenye kompyuta ya stesheneri au ya maktaba ya chuo. Nirudi?

Huna haja ya kupanda daladala. Kwenye simu yako fungua orodha ya vifaa kama ilivyoelezwa swali la 2, chagua kompyuta hiyo, itoe. Siku nyingine, ukikaa kwenye kompyuta isiyo yako fungua dirisha la faragha la brauza na ulifunge ukimaliza. Brauza ikiuliza kama ihifadhi nenosiri, jibu ni hapana.

Na faili ulizopakua? Hizo hazitoki na akaunti. Cheti chako na kitambulisho cha NIDA vinabaki kwenye folda ya vipakuliwa mpaka mtu avifute. Vifute mwenyewe, pamoja na kwenye tupio la kompyuta, kabla hujalipa hela ya kuprinti.

9. Nakwenda Ukerewe, na kwenye maji mtandao unakatika. Nitasomaje barua?

Programu ya Gmail kwenye Android huhifadhi barua za siku za karibuni kwenye simu yenyewe. Kawaida ni siku 30, na unaweza kuongeza kwenye mipangilio. Barua utaisoma hata katikati ya ziwa, lakini kiambatisho ni kazi nyingine: kifungue au ukipakue ukiwa bado mjini. Unaweza pia kuandika na kubonyeza tuma. Barua itasubiri na kuondoka yenyewe ukishika mtandao Nansio. Jambo moja la kuangalia: ukiwa na hatua mbili zinazotegemea meseji, pasipo na mtandao wa simu huwezi kuingia kwenye kifaa kipya. Programu ya kuzalisha namba za uthibitisho hufanya kazi bila mtandao wowote.

10. Simu imeibiwa. Nianze na nini?

Tafuta kifaa kingine, hata cha jirani, kwenye dirisha la faragha. Ingia kwenye akaunti. Namba ya uthibitisho ikihitajika, tumia zile za akiba za swali la 3. Badilisha nenosiri, kisha itoe simu iliyoibiwa kwenye orodha ya vifaa. Unaweza pia kuifunga au kuifuta kwa mbali kwa huduma ya Google au ya Apple ya kutafuta kifaa. Halafu nenda kafungiwe laini na kurudishiwa namba yako, kwa sababu mwizi mwenye laini inayofanya kazi anapokea meseji zote za kurejesha akaunti, zikiwemo za benki.

Wengi wanakimbilia laini kwanza kwa kuhofia pesa ya kwenye simu. Sina ugomvi na hilo kama una mtu wa kukusaidia upande wa email muda huohuo.

11. Nimenunua simu ya mtumba, imewashwa upya inadai email ya mtu nisiyemjua.

Hiyo ni kinga iliyoanza na Android 5.1 mwaka 2015. Simu ikirudishwa upya (reset) kwa nguvu, inataka akaunti ya Google iliyokuwepo mwanzo. Aliyekuuzia ndiye mwenye uwezo wa kuifungua, kwa kuingiza nenosiri lake au kuitoa kwenye akaunti yake. Akikataa au hapatikani, rudisha simu. Unapouza yako, ondoa akaunti kupitia mipangilio kwanza, ndipo uirudishe upya. Unaponunua Makoroboi au popote, mwambie muuzaji airudishe upya mbele yako.

## Barua taka

12. Hawa watu walipata wapi anwani yangu?

Kwingi. Orodha zinazovuja tovuti zikidukuliwa, kama ile ya swali la 3. Fomu za mashindano na ofa. Matangazo ya biashara uliyoweka hadharani ukiwa umeandika anwani. Programu za simu ulizozipa ruhusa ya kusoma majina yaliyohifadhiwa. Na hata kama wewe hukutoa ruhusa, shemeji yako aliyekuhifadhi alitoa. Wengine wanabahatisha tu: mashine inaunganisha majina ya kawaida na tarakimu, inatuma, na isiyorudi inajulikana ipo.

Mchezo wenyewe ni mkongwe kuliko wengi wa wateja wetu. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment alituma tangazo moja kwa watu karibu 400 kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, nchini Marekani. Alilalamikiwa, na akauza.

13. Nifute, niripoti, nizuie au nijiondoe?

Inategemea nani ametuma.

Ikiwa ni biashara unayoijua na kweli uliwahi kujisajili (shirika la ndege, duka la mtandaoni, chuo), jiondoe. Gmail huweka kiungo cha kujiondoa karibu na jina la mtumaji. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawataka wanaotuma barua nyingi za matangazo waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja na kuheshimu ombi ndani ya siku 2. Kwa Google, wingi huo ni zaidi ya barua 5,000 kwa siku.

Ikiwa humjui na hukujisajili, ripoti kama spamu, yaani barua taka. Usibonyeze neno la kujiondoa lililo ndani ya barua yenyewe: kwa tapeli, mbofyo wako ni ushahidi kwamba anwani ina mtu.

Kuzuia kunafaa kwa mtu mmoja msumbufu mwenye anwani ileile. Kwenye Gmail barua zake zitakuwa zinaangukia kwenye spamu. Hakusaidii kwa matapeli wanaobadilisha anwani kila asubuhi. Na kufuta tu hakufundishi kitu. Kesho yake zinaingia zilezile.

Kujibu kwa matusi, hapana. Najua inapunguza hasira.

14. Barua ya kuitwa kwenye usaili iliingia kwenye spamu nikaiona imepitwa na wakati. Nifanyeje isijirudie?

Hili ndilo swali linaloumiza kuliko yote hapa. Folda ya spamu kwenye Gmail hujifuta baada ya siku 30, na simu haitoi mlio barua ikiangukia humo. Kipindi umeomba kazi, mkopo au chuo, ifungue folda hiyo kila siku mbili tatu. Ukikuta barua ya kweli, usiisome na kuondoka. Gusa sehemu ya kusema si spamu, irudi kwenye kikasha na mtumaji atambulike. Hifadhi pia anwani yake kwenye orodha ya majina.

Kwa wenye uhakika zaidi: fungua Gmail kwenye brauza ya kompyuta, tengeneza kichujio kinachosema barua kutoka anwani fulani zisiwekwe kamwe kwenye spamu. Programu ya simu haina sehemu ya kutengeneza vichujio, lakini ukishakitengeneza kinafanya kazi kwenye vifaa vyote.

Na kwa ajira za serikali usiitegemee email peke yake. Sekretarieti ya Ajira hutangaza majina ya wanaoitwa kwenye tovuti yake, na akaunti yako ya Ajira Portal ina taarifa zako. Vichungulie.

15. Kufungua tu barua taka kuna madhara?

Kuisoma maandishi hakuna shida kubwa. Picha zilizomo ndizo zinazoweza kumjulisha mtumaji kwamba umeifungua, nyingine ni ndogo kama nukta, huzioni. Kwenye mipangilio ya Gmail chagua kuulizwa kabla ya picha za nje kuonyeshwa. Bando nalo linapumua. Hatari yenyewe iko kwenye viungo, kwenye viambatisho na kwenye fomu zinazoomba nenosiri.

16. Nikiripoti kwenye simu, inahesabika kwenye kompyuta?

Ndiyo. Unaripoti kwenye akaunti, kifaa hakihusiki. Tofauti ipo kwa email ya ofisi iliyounganishwa kwa POP (swali la 6): huko kila kifaa kina mambo yake.

## Utapeli

17. Nitajuaje kwamba barua imetoka serikalini?

Jina linaloonekana juu halina uzito, mtu yeyote anaweza kujiita TRA au Tume ya Utumishi. Gusa jina hilo uone anwani kamili, kisha soma kinachofuata alama ya @ hadi mwisho kabisa. Taasisi za serikali ya Tanzania hutumia anwani zinazoishia na .go.tz. Mwisho ndio wa kutazama: kama baada ya go.tz kuna nukta na jina jingine, au nukta zimegeuzwa vistari, si ya serikali. Ikitoka kwenye Gmail ya kawaida na inataka ada ya usaili, ni tapeli.

Malipo ya serikali hupita kwa namba ya malipo, ile control number, na wala si kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Hata anwani ikionekana sahihi, inaweza kuwa imeghushiwa, kwa hiyo barua inayokuharakisha kulipa ihakiki kwa kuingia mwenyewe kwenye tovuti ya taasisi, bila kupitia kiungo cha barua.

18. Nimetumiwa barua kutoka anwani yangu mwenyewe, wanasema wamenirekodi na wametaja nenosiri langu. Nilipe?

Usilipe. Sehemu ya mtumaji imeghushiwa, kama mtu anavyoweza kuandika jina lako nyuma ya bahasha. Nenosiri walilotaja limetoka kwenye orodha iliyovuja zamani. Wametuma barua hiyohiyo kwa maelfu, kila mmoja na la kwake. Video hawana. Kama nenosiri hilo bado unalitumia popote, libadilishe. Tovuti ya haveibeenpwned.com itakuonyesha anwani yako imo kwenye orodha zipi zilizovuja.

Ndugu zake ni wale wa urithi wa jenerali aliyekufa, wa kazi Kanada bila usaili, na wa kukuunganisha na Freemason upate utajiri. Ripoti, endelea na kazi.

19. Tunauza mabondo na minofu ya samaki nje. Tulimtumia mteja ankara, yeye akalipa kwenye akaunti nyingine akisema sisi ndio tuliibadilisha.

Kuna mtu aliyekaa ndani ya mazungumzo yenu, kwenye email yako au ya mteja. Huyu hapigi kelele. Anasoma barua kwa muda, anajua bei ya kilo, tarehe ya mzigo na jinsi mnavyosalimiana. Siku ya ankara ndipo anatuma barua fupi, kutoka anwani iliyozidi au kupungukiwa herufi moja: benki yetu inakaguliwa, tafadhali tumia akaunti hii mpya. Pesa ikishatoka, kuirudisha ni kazi ngumu sana.

Kagua hivi. Kwenye mipangilio ya email, kupitia kompyuta, angalia kama kuna barua zinazotumwa nakala kwenye anwani usiyoijua. Angalia vichujio: mdukuzi mara nyingi huweka kimoja kinachoficha barua zote zenye neno la malipo au jina la mteja, ili wewe usizione. Kubadilisha nenosiri hakuondoi vitu hivyo, na watu wengi wanaishia hapo wakidhani wamepona. Kisha pitia vifaa vilivyoingia, washa hatua mbili kwa kila mfanyakazi mwenye nenosiri, na mwambie mteja afanye hivyohivyo upande wake.

Na wekeni utaratibu wa mdomo: akaunti ya benki haibadilishwi kwa email peke yake. Mteja apige simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, si iliyoandikwa kwenye barua mpya, asikie sauti anayoifahamu.

20. Nimeshabonyeza kiungo, au nimeshatuma pesa.

Kama uliandika nenosiri kwenye ukurasa wa uongo, libadilishe sasa hivi ukitumia kifaa kingine, halafu fanya ukaguzi wa swali la 19. Kama ulipakua programu nje ya duka rasmi la simu, zima bando na Wi-Fi, iondoe, ndipo ubadilishe manenosiri. Kama ulituma pesa, pigia kampuni ya simu au benki mara moja kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Muda ndio unaoamua kama itazuiwa. Kisha toa taarifa polisi ukiwa na barua yenyewe, bila kuifuta. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusika.

Zile meseji za “ile pesa tuma kwenye namba hii” ni za simu, si za email: namba iliyotuma iripoti kwenda 15040. Na kwa *106# utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

## Nafasi, na mambo yasiyo ya kila siku

21. Gmail inasema nafasi imejaa na barua haziingii.

Google inakupa GB 15 bure, na nafasi hiyo inagawanywa kati ya barua, picha na Drive, hifadhi ya faili ya Google. Kwa wateja wetu anayejaza ni WhatsApp: kwenye Android nakala yake ya akiba nayo inahesabiwa humo, na video za vikundi vya harusi hazina huruma. Punguza hapo kwanza, zima video kwenye nakala ya akiba. Kwa barua, andika larger:10M kwenye sehemu ya kutafuta, zitakuja zenye zaidi ya MB 10; futa usizohitaji, kisha safisha Tupio na spamu, maana navyo vinakula nafasi.

22. Napata barua za mtu mwenye jina kama langu. Amenidukua?

Hapana. Gmail haihesabu nukta zilizo kabla ya alama ya @, kwa hiyo anwani yako yenye nukta na isiyo na nukta ni moja, yako. Mwenzako ameandika vibaya anwani yake alipojisajili. Usithibitishe akaunti kwa niaba yake wala kubonyeza viungo. Kama ni barua ya mtu kwa mtu, mjulishe mtumaji amekosea.

23. Barua za ofisi yetu zinaangukia kwenye spamu za wateja.

Mwambie anayesimamia tovuti yenu aweke rekodi za SPF, DKIM na DMARC kwenye jina la mtandao wenu (domain). Ndizo zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu. Asipozielewa, tafuta mwingine.

24. Email ya kikundi anayo katibu wa zamani, na ameondoka kwa ugomvi.

Vikundi vya akina mama wa dagaa na vya usimamizi wa fukwe vinaletwa sana na hili, kwa kawaida siku ya mwisho ya kuomba mkopo wa halmashauri. Kama kuna simu yoyote ya kikundi ambayo akaunti bado iko wazi, msiizime na msiitoe akaunti. Badilisheni nenosiri kupitia hiyo, kisha fuateni hatua za swali la 2. Kama hakuna, na namba ya kurejesha ni ya katibu, anayeweza kuifungua ni yeye. Mtumeni mzee anayemheshimu. Ikishindikana, fungueni mpya na mwende kila ofisi yenye anwani ya zamani kubadilisha kwa barua yenye muhuri.

Namba ya kurejesha iwe ya laini ya kikundi, na hakikisheni laini hiyo inatumika. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na namba hupewa mteja mwingine, ambaye ataanza kupokea meseji zenu za uthibitisho. Hili linamhusu hata mtu binafsi mwenye laini tatu droo.

25. Mzazi amefariki, na picha na nyaraka zote ziko kwenye email yake.

Google hupokea maombi ya familia, yenye vyeti, na huamua kila ombi kivyake, nenosiri hawatoi. Msizime laini ya marehemu wala kurudisha simu yake upya kabla hamjajua kilichomo. Aliye hai anaweza kupanga mapema: kwenye akaunti ya Google kuna sehemu ya kusimamia akaunti isiyotumika, unachagua muda wa kusubiri wa miezi 3, 6, 12 au 18, na kutaja watu hadi 10 watakaoarifiwa na watakachoruhusiwa kupakua.